Safari ya Neno "Gia": Kutoka Gereji za Mirongo hadi Roboti ya Mashindano

Katika kazi ya istilahi yako maneno yanayotusumbua kwa kuwa hayapo, na yako mengine yanayotusumbua kwa kuwa yamezagaa mno. Neno gia ni la kundi hili la pili. Dereva analo, fundi analo, mpanda baiskeli analo, na katika miaka ya karibuni mwanafunzi anayeunda roboti ya mashindano analo pia. Kila mmoja alitamkapo, wengine hudhani wamemwelewa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno hilo na jamaa zake, yaani gurudumu, roda, ekseli, usukani na uwiano, yalivyoingia na kuenea katika nchi ya ziwani, na kuonyesha kwamba istilahi tutakayoichagua leo kwa ajili ya magurudumu na giaboksi za roboti yaweza kumwongoza mwanafunzi sawasawa, au yaweza kumpoteza kabisa.

Nimechagua kuanzia Mirongo, Mwanza. Mto wa jina hilo hupita katikati ya jiji ukielekea ziwani, na kata nayo imechukua jina la mto. Msomaji wa tungo za kale atakumbuka kwamba mirongo ni makumi: mirongo miwili ni ishirini, mirongo minne ni arobaini. Sisemi kwamba mto uliitwa hivyo kwa ajili ya hesabu. Nasema tu kwamba hapa ni mahali panapofaa kuanzia mazungumzo ambayo mwishowe ni ya kuhesabu meno. Hapo na katika mitaa ya jirani, kama vile Makoroboi ambako mafundi wa bati walipata sifa kwa kutengeneza koroboi, Kiswahili cha chuma husemwa kutwa, na hakimngojei mtu wa kamati.

Tuanze na zamani ambapo gurudumu lenyewe halikuwapo njiani. Speke alipofika Mwanza na kuliona ziwa mwezi Agosti 1858, kila kilichokuwa katika msafara wake kilikuwa kimebebwa na watu. Stanley naye alipofika Kagehyi, mashariki ya Mwanza, mwezi Februari 1875, alikuwa na mashua nzima iitwayo Lady Alice. Nayo ilikuwa imekatwa vipande, ikapakiwa mabegani mwa wapagazi kutoka pwani, kisha ikaungwa upya ufukoni. Si kwamba hapakuwa na mtu aliyefikiria magari. Mnamo mwaka 1877 wamishonari wa London walijaribu kutumia magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani kwenda bara, lakini mbung'o waliwamaliza ng'ombe. Kwa hiyo kwa muda mrefu safari ya pwani hadi ziwani ilikuwa safari ya miguu, na lugha ya safari hiyo ni lugha ya mizigo, mabega na vituo, wala haina ekseli.

Hata hivyo Kiswahili kilikuwa tayari na maneno ya vitu vinavyozunguka. Yalitoka baharini. Mfano ulio bora kuliko yote ni roda. Neno hili asili yake ni Kireno, na katika Kireno maana yake ni gurudumu. Lakini Waswahili walipolipokea hawakulitumia kwa gurudumu la gari; walilitumia kwa kile kigurudumu kilichomo ndani ya kapi, kinachopitisha kamba ya kutwekea tanga. Walikuwa na haki kabisa. Gurudumu walilokuwa wakilishika kila siku kwa mikono yao ndilo hilo la chomboni, na neno likaenda mahali penye kazi. Katika njia hiyohiyo tulipata parafujo. Baadaye shule zetu za msingi zilipoanza kufundisha mashine rahisi kwa Kiswahili, roda ilikuwa inangoja, imekwisha kuzoeleka kwa mamia ya miaka, na mwalimu hakuhitaji kubuni neno.

Neno jingine la chomboni lililofanya safari ndefu zaidi ni usukani. Kwanza ni ule ubao wa nyuma unaoelekeza jahazi. Motokaa ilipokuja, dereva aliketi mbele na kushika duara mkononi. Umbo halifanani, mahali hapafanani, na hata namna ya kushika haifanani. Walakini kazi ni moja: kuelekeza. Neno likapanda garini bila kibali cha mtu yeyote. Naomba msomaji aukumbuke usukani, kwa sababu tutauhitaji tena mwishoni, na safari hiyo hautatusaidia.

Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili ambayo aghalabu hayasemwi pamoja. Katika mwaka huo reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Na katika mwaka huohuo mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, uamuzi uliozaa ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, na kamusi ya mwaka 1939 iliyosimamiwa na Frederick Johnson. Kwa hiyo lugha sanifu na chuma cha reli vilianza safari kwa wakati mmoja, lakini havikupanda behewa moja. Kamati ilikuwa na shughuli ya tahajia, ya vitabu vya shule na ya msamiati wa jumla. Huku karakana za reli, za meli na za vinu vya kuchambulia pamba zikijaa maneno yao wenyewe: injini, bomba, valvu, beringi, springi, breki, klachi, gia, ekseli. Maneno haya yaliingia kwa masikio. Fundi alimsikia bwana mkubwa akiita kitu jina, akakiita vivyo hivyo kwa kinywa cha kwao, akaweka irabu mahali panapotakiwa irabu, na kesho yake msaidizi wake akalipokea kama neno la Kiswahili lililokuwapo tokea zama za mababu.

Wako wanaoona aibu juu ya maneno hayo, ati ni Kiingereza kilichovunjika. Mimi siyaonei aibu. Neno lililokwisha kuchafuka kwa grisi limelipa kodi yake. Lakini maneno yaliyoingia kwa masikio yana kasoro moja ambayo mtu wa istilahi hana budi kuiangalia: yaliingia yakiwa yameshikamana na kitu, si na dhana. Mtu alionyeshwa kipande cha chuma chenye meno akaambiwa ni gia. Mwingine alionyeshwa mkono wa kubadilishia mwendo akaambiwa "tia gia". Wa tatu alisikia gari likiunguruma mlimani akaambiwa "hiyo ni gia ya kwanza". Watu watatu, vitu vitatu, neno moja. Katika gereji jambo hili halina madhara, kwa sababu kitu chenyewe kipo mezani na kidole kinamalizia kazi ya neno. Katika kitabu hakuna kidole.

Kabla ya kufika kitabuni, yafaa tusimame kidogo kwenye baiskeli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa shule ya kwanza ya makanika kwa watu wengi wa Usukuma. Fedha za pamba zilipoingia vijijini, hasa katika miaka ya 1950 wakati wakulima walipojenga vyama vyao vya ushirika na kuviunganisha katika shirikisho lao mwaka 1955, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotamaniwa na kununuliwa mapema. Iliwabeba watu, ikabeba magunia, ikabeba maharusi. Na pamoja nayo yalikuja maneno cheni, pedeli, krenki, friwili, rimu na spoki.

Tuichunguze baiskeli hiyo ya kawaida isiyo na mkono wa kubadilishia mwendo. Tuseme gurudumu la meno la mbele lina meno 48, na la nyuma lina meno 18. Mpandaji akizungusha pedeli mara moja, meno 48 ya cheni yamepita, na gurudumu la nyuma limezunguka 48 gawanya kwa 18, yaani mara mbili na theluthi mbili. Kama mzingo wa tairi ni mita 2.2 hivi, baiskeli imekwenda karibu mita 6 kwa mzunguko mmoja wa mguu. Ni faida kubwa ya kasi. Lakini faida hiyo haikutoka mbinguni. Kile kilichoongezwa katika mwendo kimepunguzwa katika nguvu, na mpandaji hulitambua jambo hilo akikuta kilima akiwa na gunia nyuma. Huteremka, akasukuma. Hakuna Msukuma aliyehitaji kufundishwa sheria hii darasani. Alichokosa ni namna ya kuiandika.

Kuandika ndiko kulikokuwa jukumu la vyombo vya lugha. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, na kuanzia mwaka 1974 lilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1987 ilitoka kamusi ya msingi ya ufundi iliyotungwa na Rajmund Ohly na kutolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1990 Taasisi ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Hizi ni kazi za kuheshimiwa. Yeye anayezidharau hajawahi kukaa siku nzima juu ya neno moja.

Lakini historia yataka isemwe yote. Elimu ya msingi ilikwisha kuwa ya Kiswahili, na kwa hiyo istilahi za mashine rahisi zilikuwa na mahali pa kwenda kukaa: nyenzo, roda, kabari, mteremko, gurudumu na ekseli. Sekondari ilibaki katika Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundishwa kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985, na jambo hilo halikutekelezwa. Matokeo yake ni kwamba maneno ya fizikia ya juu kidogo, kama vile uwiano wa kasi, nguvu ya kuzungusha na msuguano wa kuanza mwendo, yalichapishwa kamusini bila kupata mdomo wa kuyasema. Neno lisilosemwa halipati mikwaruzo, na lisilopata mikwaruzo halijulikani kama ni imara. Hata nyenzo, neno zuri la kale, limepata mkasa wa namna yake: likatoka karakanani likaingia ofisini, na leo mtu akisema hana nyenzo humaanisha kwamba hana karatasi, gari au fedha. Mwanafunzi anayesoma habari za nyenzo na egemeo lake hana budi kwanza asahau nyenzo za kwenye hotuba.

Sasa tuje kwenye roboti. Tangu mwaka 2017 yamekuwapo mashindano ya dunia ya vijana yaitwayo FIRST Global Challenge, ambayo ya kwanza yalifanyika Washington, na Tanzania ilipeleka timu yake. Kila nchi huwa na timu moja; vijana hupewa vifaa vya aina moja na fumbo moja. Mwaka ule wa kwanza fumbo lilihusu maji, na roboti zilitenga mipira iliyowakilisha maji safi na ile iliyowakilisha maji machafu. Uzuri wa mpango huu ni kwamba tajiri na maskini hupokea sanduku linalofanana. Tofauti huwa katika uamuzi. Na uamuzi wa kwanza, kabla ya mkono wa kushikia au programu ya kuiendeshea, ni huu: roboti iende juu ya magurudumu gani, na kati ya mota na gurudumu pawe na gia kiasi gani?

Nieleze kwa tarakimu, maana bila tarakimu mjadala wa istilahi huwa ni wa ladha tu. Mota moja inayotumika sana katika vifaa vya kampuni ya REV Robotics huzunguka kama mara 6,000 kwa dakika isipokuwa na mzigo. Kasi hiyo ni kubwa mno, na nguvu yake ya kuzungusha ni ndogo mno. Ukifunga gurudumu moja kwa moja juu yake, roboti haitaondoka, na mota itachemka. Kwa hiyo hufungwa giaboksi ya kupunguza mwendo. Giaboksi hiyo hujengwa kwa vipande vinavyopangwa kimoja baada ya kingine, vyenye majina ya 3 kwa 1, 4 kwa 1 na 5 kwa 1. Ndani ya kila kipande kuna gurudumu la meno la katikati, mengine madogo yanayolizunguka, na pete ya nje yenye meno kwa ndani. Mpangilio huu huitwa wa sayari, na hapa Kiswahili hakina taabu yoyote: jua, sayari na pete. Mwanafunzi wa darasa la tano ataelewa kabla hajamaliza kutazama mchoro.

Lakini majina ya vipande si vipimo vyake. Kile kiitwacho 3 kwa kweli ni 2.89, kiitwacho 4 ni 3.61, na kiitwacho 5 ni 5.23, kwa sababu uwiano hutokana na idadi ya meno, na meno hayakatwi nusu. Ukipanga cha 4 na cha 5, kwa jina umepata 20. Kwa kweli umepata 18.9. Mota ikizunguka mara 6,000, gurudumu litazunguka kama mara 317 kwa dakika. Na ikiwa kipenyo cha gurudumu ni milimita 90, roboti itakwenda karibu mita 1.5 kwa sekunde. Ukipanga cha 3 na cha 4, uwiano halisi ni 10.4, na mwendo unafikia mita 2.7 kwa sekunde. Ukivipanga vyote vitatu, uwiano unakuwa kama 54.6, na roboti itatambaa kwa nusu mita kwa sekunde, lakini itasukuma kama trekta. Kwa hiyo tunahitaji istilahi mbili ambazo hatujazizoea: uwiano wa jina na uwiano halisi. Timu inayopiga hesabu za programu yake kwa uwiano wa jina itaona roboti ikipitiliza mahali ilipoagizwa kusimama, na itailaumu programu.

Hapa ndipo neno gia linapotutega. Dereva wa lori anayepanda mlima huambiwa atumie gia nzito. Maana yake ni gia ya kwanza au ya pili: mwendo mdogo, nguvu nyingi. Mpanda baiskeli yenye gia nyingi, naye akilalamika kwamba gia hii ni nzito, ana maana kwamba pedeli ni ngumu kukanyaga, yaani ni gia ya mwendo mkubwa na nguvu kidogo. Neno ni moja, maana ni kinyume kabisa. Dereva ameita uzito ule wa mzigo ambao gia yaweza kuubeba. Mpanda baiskeli ameita uzito ule unaorudi mguuni mwake. Wote wawili wana mantiki, na wote wawili unaweza kuwakuta Mirongo katika duka moja la vipuri.

Ukijaribu kukimbilia "gia kubwa" na "gia ndogo" hutasalimika. Kwa mtu wa usukani, gia kubwa ni ile yenye namba kubwa, ya nne au ya tano, yaani ya kasi. Kwa fundi aliyefungua giaboksi, gia kubwa ni kile kipande kikubwa chenye meno mengi. Nacho kikiwa upande wa gurudumu hutoa nguvu, kikiwa upande wa mota hutoa kasi. Kwa mwanafunzi aliyeshika kipande cha roboti, kubwa ni 5 na ndogo ni 3, na huyo 5 ndiye apunguzaye mwendo zaidi. Katika gari, namba za kwenye mkono hupanda huku uwiano ukishuka: gia ya kwanza yaweza kuwa karibu 4 kwa 1, na ya nne 1 kwa 1. Tazama basi hali ya kikundi cha vijana ambacho mshauri wake ni fundi wa magari na wanachama wake wamekulia juu ya baiskeli. Mshauri asema, "Wekeni gia nzito, mtasukumana na wenzenu." Vijana wafunga 3 na 4. Hakuna aliyekosa akili hapo. Lugha ndiyo iliyowaachia pengo, nao wametumbukia.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba katika maandishi ya ufundi tuache nzito, nyepesi, kubwa na ndogo zikae gerejini ambako kidole kipo, na katika vitabu tuseme gia ya nguvu na gia ya kasi. Maneno hayo hayana ugeni, hayatoki nje, na hayawezi kugeuka maana kwa kuhama kutoka kwenye lori kwenda kwenye baiskeli. Na uwiano uandikwe daima kwa kuanza na mota: mizunguko 20 ya mota kwa 1 wa gurudumu. Anayetaka kufupisha na afupishe baada ya kuandika mara moja kwa ukamilifu. Ama neno gia lenyewe, nisingependa liondolewe kwenye kitu chenye meno ati kwa kuwa lina maana nyingine. Kitu hicho kiitwe gurudumu la meno pale tunapohofia mkanganyiko, na gia pale pasipo hofu. Giaboksi ibaki giaboksi. Wako wanaotaka iitwe kipunguzamwendo, na hoja yao si mbaya, kwani giaboksi ya roboti haina mkono wa kubadilishia na haina gia ya pili. Walakini kipunguzamwendo chaweza kudhaniwa ni breki, au tuta la barabarani, na tukisema giaboksi ya uwiano mmoja tumemaliza.

Jambo linalosahauliwa ni kwamba gurudumu lenyewe nalo ni gia. Ukiacha giaboksi kama ilivyo na kubadilisha gurudumu la milimita 90 kwa la milimita 180, umeongeza mwendo mara mbili na kupunguza msukumo kwa nusu. Kwa hiyo kuchagua gurudumu na kuchagua giaboksi si maamuzi mawili, bali ni moja, na istilahi zake zafaa zikae katika ukurasa mmoja wa kamusi badala ya kutawanywa chini ya herufi zao.

Hali kadhalika, nguvu ina kikomo chake, nacho ni mshiko. Dereva wa Usukuma anayeingia mbugani kwenye udongo mweusi wakati wa masika hujua kwamba gia ya nguvu haimtoi. Gurudumu huzunguka mahali pamoja, likijichimbia kaburi. Msuguano kati ya tairi na ardhi ukiisha, nguvu iliyobaki ni ya bure. Kwa roboti ni vivyo hivyo: kuongeza uwiano kupita pale gurudumu linapoanza kuteleza juu ya sakafu ni kupoteza mwendo bila kupata msukumo. Neno mshiko lafaa hapa kuliko msuguano, kwa kuwa msuguano umo pia ndani ya beringi, ambako hatuutaki.

Magurudumu ya roboti yako ya namna tatu. La kwanza ni la mpira, linaloshika sakafu kwa pande zote. Nashauri liitwe gurudumu la mshiko. La pili lina vigurudumu vidogo vilivyopangwa kwenye mzingo wake, hivi kwamba linapoviringika mbele hushika, na likisukumwa ubavuni huteleza. Wazo lake ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, maana hataza ya gurudumu la namna hiyo ilitolewa Marekani mwaka 1919 kwa J. Grabowiecki. La tatu lina vigurudumu vilivyolazwa mshazari kwa nyuzi 45, na lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Bengt Ilon wa Sweden, katika kampuni iitwayo Mecanum AB, ambayo jina lake ndilo linalotumika duniani kote. Roboti yenye magurudumu manne ya namna hiyo huweza kwenda mbele, nyuma na ubavu-ubavu kama kaa. Bei yake ni mshiko: vigurudumu vya mshazari hupoteza sehemu ya msukumo, na timu inayotaka kusukumana haiyachagui. Kwa hili la pili gurudumu la ubavu litaeleweka. Kwa la tatu ningeandika gurudumu la mshazari, ambalo humwonyesha mtu kitu chenyewe, kuliko kuliita mekanamu, ambalo humwonyesha kampuni.

Imebaki habari ya kugeuka. Roboti nyingi za mashindano hazina usukani, na neno lile lililotoka jahazini likapanda motokaa limefika hapa likakosa pa kushika. Magurudumu ya kushoto yana mota zake, ya kulia yana zake. Upande mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma, roboti hujizungusha mahali ilipo. Vitabu vya kigeni hulifananisha jambo hili na kifaru cha vita. Lakini mvuvi wa ufuko wa Mwanza hufanya hivyo kila alfajiri, akiwa na makasia mawili na hana usukani: lile la kulia alivuta, lile la kushoto alisukuma, na mtumbwi ukageuka bila kusogea. Katika orodha ninayoiandaa nimeliandika jambo hili kugeuka kwa makasia, na mkabala wake, kwa gari lenye usukani, nimeuacha kuwa kugeuka kwa usukani.